Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Likitajwa neno ngome, wengi wetu hukumbuka Ngome ya Yesu ya Mombasa au Ngome Kongwe ya Unguja. Ngome za bara hazitajwi sana. Mojawapo ni boma la Kasanga, kusini mashariki mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Tanzania na Zambia. Wajerumani walilijenga juu ya kilima kinachotazama ziwa, wakapaita mahali hapo Bismarckburg, kwa jina la chansela wao Otto von Bismarck.

Boma hilo lilizaliwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulizaliwa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba huko Berlin. Mstari ukapigwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukafuata kwa sehemu mto Kalambo, ule wenye maporomoko yenye kina cha zaidi ya meta 200. Walungu, waliokuwa wakiishi pande zote mbili, hawakuulizwa. Mtu alilala kwao, akaamka ana jirani Mwingereza na bwana Mjerumani.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliushambulia mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala ya Zambia, wakarudishwa nyuma. Mwaka 1915 wakajaribu tena huko Saisi, wakashindwa. Hata hivyo ziwa lilikuwa lao, kwa kuwa walikuwa na meli zenye silaha na wapinzani wao hawakuwa nazo. Ndipo Waingereza wakaleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou. Zilitoka London hadi Cape Town kwa meli, zikapanda treni, kisha zikakokotwa na matrekta na maksai kupita milima ya Mitumba huko Kongo. Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Mapema mwezi Juni 1916 majeshi ya nchi kavu chini ya Kanali Murray yakaikaribia Kasanga, na Spicer-Simson akafika kwa upande wa ziwa. Kazi yake ilikuwa kuziba njia ya maji. Lakini alipoitazama ngome na mizinga iliyoelekezwa ziwani, moyo ulimwingia baridi, akageuza boti zake. Usiku Wajerumani wakapanda majahazi wakatoroka. Waingereza walipoingia bomani walikuta kwamba mizinga ile iliyomtisha ilikuwa ya mbao.

Kisa hiki huchekesha, na wasimuliaji wengi hukiishia hapo. Mimi hunifikirisha. Mamlaka ya mkoloni mara nyingi yalisimama hivyo hivyo. Askari wachache na bendera moja vilitosha kuitisha kodi katika nchi pana, kwa sababu watu waliamini kwamba nyuma ya ukuta kulikuwa na nguvu isiyopimika. Mara nyingi nguvu ilikuwapo kweli, kama walivyoonja wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907. Mara nyingine ilikuwa mbao.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja vitani ambacho hakikuwa cha kuigiza, nacho ni mabega ya watu. Katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o waliowaua wanyama wa kazi, chakula na risasi vilibebwa na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 hivi. Waliofia upande wa Waingereza peke yao wanakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Tunanunua vitunguu pale bila kuwakumbuka.

Vita viliishia kule kule mpakani. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha huko Abercorn, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,000. Tanganyika ikawa mikononi mwa Waingereza, na kwa kuwa bwana wa pande zote mbili sasa alikuwa mmoja, boma likakosa adui wa kumtazama. Kuta zikaachiwa mvua na majani.

Mpaka haukuondoka. Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Zambia mwaka 1964 uliurithi kama ulivyokuwa, na Walungu bado wako ng'ambo zote mbili. Wapo wanaotaka magofu ya namna hii yahifadhiwe kwa ajili ya watalii, nami siwapingi. Ila tukimweleza mgeni habari za Bismarck, Murray na mizinga ya mbao, kisha tukanyamaza juu ya waliochota maji, waliopanga mawe na waliobeba mizigo, tutakuwa tumehifadhi ukuta na kuwasahau waliouinua.