Miezi Minne ya Mama Mdogo

Mama mdogo wa mmoja wetu alikwenda kuulizia mafao ya uzeeni kupitia aliyekuwa mume wake. Alimlelea watoto, akakaa nyumbani ili bwana afanye kazi. Jibu lilikuwa fupi: ndoa yenu ilidumu miaka 9 na miezi 8, sheria inataka 10. Klabuni tukajiuliza, hiyo 10 imetoka wapi?

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani (ndiyo hiyo inayotukata mishahara yetu ya kazi za likizo) ilipitishwa mwaka 1935, na ilimjua mfanyakazi tu. Mwaka 1939 Bunge lilimwongeza mke: akifika miaka 65 apate nusu ya fao la mumewe, na akifiwa apate robo tatu. Picha waliyokuwa nayo ni ya baba kazini na mama jikoni, wasioachana kamwe. Mke aliyeachwa hakuwamo. Aliingizwa mwaka 1965, tena kwa sharti kwamba ndoa iwe imedumu miaka 20.

Waume nao walikuwa na lao. Hannah Goldfarb alikuwa katibu katika shule za umma za New York kwa takriban miaka 25, akikatwa kama wengine. Alipofariki, mumewe Leon alinyimwa fao la mjane kwa sababu hakuthibitisha kwamba mkewe ndiye aliyemtunza. Mjane mwanamke hakuulizwa swali hilo. Ruth Bader Ginsburg aliitetea kesi hiyo, na Machi 1977 Mahakama Kuu ikampa Leon haki kwa kura 5 dhidi ya 4.

Desemba mwaka huo huo Bunge likabadilisha sheria. Miaka 20 ya walioachana ikawa 10. Ndiyo hiyo iliyomkwamisha mama mdogo. Lakini mkono mmoja ulitoa, mwingine ukachukua: mwenye pensheni ya serikali kutoka kazi isiyokatwa Hifadhi ya Jamii alipunguziwa fao la mwenzi wake, mara nyingi likaisha lote. Walimu wajane wa majimbo kama Texas waliishi na hali hiyo hadi ilipofutwa kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Januari 2025.

Kilichotukera zaidi ni hiki: fao la mke aliyeachwa halipunguzi hata senti moja ya mume, wala ya mke wake mpya. Basi miezi minne ile inamlinda nani? Tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alisema popote utakapochora mstari, kuna atakayebaki nje. Labda, lakini yeye si mpwa wake.

Mama mdogo sasa anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na anahesabu pointi zake mwenyewe. Zinatakiwa 40, na mwaka hautoi zaidi ya 4. Amebakiza 6.