Asilimia 179: Soko la Hisa la Nairobi katika Mizani ya Masoko Yanayoibukia, 1981–2008

Makala haya yanachunguza namna Soko la Hisa la Nairobi lilivyolinganishwa na masoko mengine ya nchi zinazoendelea, na athari za ulinganisho huo kwa watunga sera. Hoja kuu ni kwamba takwimu iliyo sahihi kihesabu yaweza kupotosha maamuzi iwapo itatenganishwa na historia ya soko lililoizaa.

Istilahi ya "masoko yanayoibukia" ilibuniwa mwaka 1981 na Antoine van Agtmael, mchumi wa IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayoshughulikia sekta binafsi. Jina la Ulimwengu wa Tatu, lililotumika awali, halikuwavutia wenye mitaji. IFC ilikusanya takwimu za hisa za nchi hizo kwa utaratibu mmoja na kuzieleza kwa dola ya Marekani. Hivyo Nairobi, yenye soko rasmi tangu 1954, iliweza kuwekwa katika jedwali moja na São Paulo au Mumbai.

Tarehe 18 Februari 1994 fahirisi ya kampuni 20 za Nairobi ilifikia pointi 5,030, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukifikia. IFC ililitaja soko hilo kuwa lililofanya vizuri kuliko yote yanayoibukia duniani, kwa faida ya asilimia 179 kwa dola. Sifa hiyo ilirudiwa sana, lakini mambo matatu hayakupewa uzito uliostahili.

Kwanza, faida ya mwaka mmoja huonyesha mwendo wa bei, si kiwango cha thamani. Soko lililoanzia chini sana laweza kupaa na bado likawa rahisi. Lililopanda kidogo laweza kuwa ghali. Kipimo kinachokaribia thamani ni uwiano wa bei ya hisa na faida ya kampuni. Hata hivyo, mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulikaribia asilimia 46. Gharama zinapokokotolewa kwa bei za zamani, faida huonekana kubwa kuliko ilivyo, na hisa huonekana rahisi. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vilianza kutumika rasmi nchini humo mwaka 1999.

Pili, faida hiyo ilitangazwa kwa sarafu ya wageni, ilhali wawekezaji wa kigeni walifunguliwa mlango Januari 1995, tena kwa ukomo wa umiliki. Bei za 1993 zilikuwa za soko lililofungwa.

Tatu, sehemu kubwa ya hisa ilishikiliwa na wamiliki wakuu wasiouza. Bei ya kampuni nzima iliamuliwa na hisa chache zilizobadilisha mikono.

Kufunguliwa kwa soko hakukuendeleza kasi hiyo. Mwaka 2002 fahirisi ilishuka hadi juu kidogo ya pointi 1,000.

Suala hili si la kinadharia tu. Serikali inapouza hisa za mashirika ya umma, kama Kenya ilivyofanya kwa Kenya Airways mwaka 1996 na Safaricom mwaka 2008, uwiano wa nchi nyingine huwa miongoni mwa vigezo vya kupanga bei. Bei ikiwa chini, mali ya umma hupotea. Ikiwa juu, hasara humwangukia mwananchi aliyenunua kwa akiba yake. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5. Kabla ya mwaka huo kwisha, huku dunia ikikabiliwa na msukosuko wa fedha, zilikuwa chini ya bei hiyo.

Afrika Mashariki ina kipimo bora cha kuanzia. Kenya Airways iliorodheshwa pia Kampala mwaka 2002 na Dar es Salaam mwaka 2004. Kampuni ikiwa ileile na vitabu vya hesabu vilevile, tofauti ya bei baada ya kubadilisha sarafu haiwezi kutokana na uhasibu. Hutokana na ukwasi, masharti ya umiliki na gharama za kuhamisha hisa.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kila uwiano unaowasilishwa kwa watunga sera uambatane na maelezo manne: kiwango cha mfumuko wa bei, viwango vya uhasibu, ukomo wa umiliki wa wageni, na sehemu ya hisa zinazouzwa kwa kweli. Bila hayo, jedwali hupanga majina ya nchi, lakini halilinganishi thamani.