Kutafuta Vitu vya Kale kwa Kifaa cha Kutambua Metali: Masharti na Vibali

Kifaa cha kutambua metali si tena chombo cha walinzi wa milangoni pekee. Mtu yeyote anaweza kukinunua na kukipitisha juu ya nyasi za bustani au mchanga wa ufuoni akitafuta sarafu, pete na vitu vingine vilivyofukiwa. Ni vyema wananchi wafahamu kwamba kazi hiyo ina sheria yake.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza mtu kutafuta kitu cha kale kilichofukiwa ardhini, iwe kwa kuchimba au kwa shughuli za juu ya ardhi, bila leseni ya utafiti inayotolewa na Waziri. Katazo hilo halihusu maeneo yaliyohifadhiwa peke yake. Kwa hiyo, anayedai kwamba hajashika jembe wala sururu hana kinga, maadamu anachotafuta ni kitu cha kale.

Kitu cha kale, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika Mashariki. Senti kumi yenye tundu katikati, iliyotumika wakati wa ukoloni, haihesabiki kuwa ya kale kwa umri wake. Vivyo hivyo maganda ya risasi ya Vita vya Kwanza vya Dunia huko Taita Taveta, ambako mapigano ya kilima cha Salaita yalitokea mwaka 1916. Hata hivyo, Waziri ana mamlaka ya kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba kitu au mahali fulani panahifadhiwa kwa thamani yake ya kihistoria, bila kujali umri huo.

Aidha, kitu kutokuwa cha kale hakumpi mtu haki ya kuchimba ardhi isiyo yake. Katiba ya mwaka 2010 imeziachia serikali za kaunti usimamizi wa bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani. Ruhusa huombwa huko. Katika mbuga za kitaifa mwenye mamlaka ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na katika misitu ya umma kama Karura ni Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Ruhusa ya msimamizi wa ardhi haichukui nafasi ya leseni ya Waziri. Leseni yenyewe hutolewa kwa mwombaji mwenye ujuzi na uzoefu wa kazi hiyo, na ikiwa utafiti una manufaa kwa umma. Kwa maneno mengine, haikukusudiwa matembezi ya Jumamosi.

Ukali huu una sababu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba wanaakiolojia wamepata kisiwani Manda, Lamu, sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Sarafu za aina hiyo si adimu sana duniani. Thamani ya hii imo katika kujulikana mahali ilipotoka, kwa kuwa inashuhudia mawasiliano ya pwani yetu na China. Ingefukuliwa usiku na kuuzwa kimyakimya, ushahidi huo ungepotea.

Anayekuta kitu cha kale kwa bahati, tuseme akichimba msingi wa nyumba, anatakiwa katika muda wa siku saba kulijulisha Shirika la Makumbusho ya Kitaifa (NMK) mahali hasa na mazingira alimokikuta, na kukikabidhi. Asikisugue wala kukiosha. Kitu kinachofanana na bomu au kombora kisiguswe kabisa; polisi waarifiwe mara moja. Taarifa za vitu vya kale hupokelewa katika makao makuu ya NMK jijini Nairobi, na kwa wakazi wa pwani, Fort Jesus mjini Mombasa au Makumbusho ya Lamu.