Chombo cha Siagi: Kutoka Ukka ya Madina Hadi Igisabo cha Bibi



Ndugu wasomaji, nilipokuwa nasafisha chumba, mwanangu aliona kibuyu cheusi cha marehemu bibi yake akaniuliza, "Mama, hiki ni cha nini?" Nikamjibu ni cha siagi. Akacheka sana, kwani yeye siagi anaijua ndani ya kopo la plastiki tu. Na mimi, Allah anisamehe, nilikuwa nimeshakiweka kando ili nikitupe. Basi tukakaa chini, nikamsimulia haya.

Kilianza zamani sana

Huko Palestina, katika maeneo ya Beersheba, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vyombo vya udongo vya kusukia maziwa vyenye umri wa zaidi ya miaka 5,500. Ni virefu, vimelala kama pipa, na kila ncha ina mkono wa kupitishia kamba. Chombo kilining'inizwa, kikasukwasukwa mpaka siagi ikajitenga. Umbo lake limefanana na kiriba cha ngozi ya mbuzi, chombo ambacho wanawake wa mabedui waliendelea kukitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Ukka katika nyumba za Masahaba

Waarabu wa Madina waliweka samli katika kiriba kidogo cha ngozi kiitwacho ukka. Katika Sahihi Muslim tunasoma habari za Ummu Malik (R.A.), aliyekuwa akimpelekea Mtume (S.A.W.) zawadi ya samli katika ukka yake. Watoto wake walipokosa kitoweo, aliiendea ile ukka na kukuta samli ndani. Ikaendelea hivyo mpaka siku alipoikamua. Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba lau angeiacha, ingeendelea kuwapatia.

Bukhari na Muslim wamepokea pia kisa cha Ummu Sulaym (R.A.), aliyekamulia ukka yake juu ya mkate uliovunjwavunjwa. Mtume (S.A.W.) akaomba dua, wakala watu 70 au 80 wakashiba. Tazameni, chombo kimoja kilikuwa cha kuhifadhia na cha kuandalia wageni!

Kwa nini kifuniko?

Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu panya aliyeangukia samli. Akaelekeza atolewe pamoja na samli iliyomzunguka, na inayobaki iliwe. Wanazuoni wengi wamesema hukumu hiyo ni kwa samli iliyoganda. Katika mafundisho mengine ametuamrisha kufunika vyombo usiku. Mama wa nyumbani anajua hekima yake: siagi huharibiwa na joto, mwanga na hewa, na hunyonya haraka harufu ya kitunguu au samaki aliye karibu. Ndiyo maana watu wa nchi mbalimbali walitafuta kifuniko. Kule Ufaransa, kwa mfano, siagi hushindiliwa ndani ya kifuniko cha udongo kisha hugeuzwa juu ya maji kidogo, ili hewa isipenye.

Samli hudumu zaidi. Siagi ina maji kiasi cha asilimia 16. Ukiichemsha, maji hukauka na masimbi ya maziwa hutengwa, yakabaki mafuta matupu.

Igisabo

Kwetu Burundi, na kwa jirani zetu wa Rwanda, kibuyu cha kusukia maziwa huitwa igisabo. Maziwa yaliyoganda humiminwa ndani, mdomo huzibwa, kisha mama hukaa chini akikisukasuka mbele na nyuma mpaka asikie siagi inagonga. Siagi huoshwa kwa maji, na mtindi hunywewa. Kibuyu nacho huoshwa na kufukizwa moshi ili kisioze na maziwa yapate harufu nzuri. Siagi hiyo ilipikiwa na pia ilipakwa mwilini.

Baadaye likaja debe. Madebe ya mafuta ya taa, yenye ujazo wa lita 18 hivi, yalisafishwa na kujazwa samli iliyouzwa masokoni kote Afrika Mashariki. Kisha yakaja makopo na plastiki, na kibuyu kikaenda chini ya kitanda.

Nililolikosa

Mwanangu akauliza swali la mwisho: "Bibi alikuwa anafukiza kwa majani gani?" Nikanyamaza. Nilikaa na mama yangu miaka yote ile, nikainywa mtindi yake, na sikumuuliza hata siku moja. Amekwenda nayo kaburini. Allah amrehemu.

Enyi wazazi na wanafunzi, likizo hii waendeeni bibi zenu mkiwa na daftari. Waulizeni majina ya vyombo, ya majani, na namna ya kuviosha. Kibuyu chetu sasa kiko juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kwa kawa.

Wabillahi tawfiiq.