Nani azoe tope la ndiva?

Juu Msangeni, kwenye milima ya Upare Kaskazini, ni migomba na kahawa. Chini, Kisangara, ni nchi kavu ya mkonge na miiba. Maji yanatoka juu, na Wapare waliyawekea utaratibu zamani sana, kabla serikali yoyote haijaandika sheria.

Chombo chao ni ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe ambalo ukoo ulichimba penye kijito. Jioni tundu lake huzibwa, usiku kucha linajaa. Alfajiri huzibuliwa, na mfereji ukayapeleka maji shamba kwa shamba kwa zamu. Tope likizidi, unaitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Asiyetokea anatozwa faini, na enzi hizo ilikuwa mbuzi au pombe. Kadhalika msitu wa matambiko wa ukoo: hakuna aliyethubutu kuuingilia na shoka.

Wakoloni wakaja na mabwana misitu, na misitu mikubwa kama Kindoroko ikawa hifadhi ya serikali. Lakini pigo zito zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa. Mwaka 1974 sheria ikatamka kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri. Nia ilikuwa usawa, na tuseme ukweli, wazee wa koo nao walijua kujipendelea. Ila hakuna kifungu kilichosema nani sasa azoe tope. Mtafiti Michael Sheridan, katika makala yake ya 2004 kuhusu Upare Kaskazini kati ya 1961 na 1988, ameeleza jinsi mvurugano wa mamlaka ulivyodhoofisha utunzaji wa ardhi, misitu na mifereji.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa kuboresha umwagiliaji wa jadi, kwa msaada wa Waholanzi, na baadhi ya ndiva zikajengwa upya kwa saruji. Saruji inazuia maji yasivuje. Haiiti watu kazini.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 imetambua jumuiya za watumia maji. Ni hatua ya maana, kwa kuwa inarudisha zamu na faini mikononi mwa wanaomwagilia. Hata hivyo kibali cha kutumia maji bado kinaombwa kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Moshi, na kinalipiwa, hata kama mfereji ulichimbwa na mababu wa mwombaji.