Simu za intaneti: chagua kodeki mbele ya simu

Ofisi ya Goma yenye kutaka kuongea na Beni ao Bukavu kwa simu za intaneti inapashwa kuanza na kodeki. Ni ile njia ya kugeuza sauti kuwa data, kisha kuirudisha kuwa sauti. Ndiyo inaamua mega ngapi zitakwenda.

G.711, ya mwaka 1972, iko na sauti safi, lakini inakula kilobiti 64 kwa sekunde. Ukiongeza anwani za kila pakiti, zinafika karibu 80. G.729 inakula 8, na pamoja na anwani karibu 24. Kuongea dakika 10, kwenda na kurudi, ni mega 12 kwa G.711, na mega 3.6 kwa G.729. Laini ya kilobiti 240 kila upande inabeba watu 3 wa G.711, ao 10 wa G.729. Opus, ya 2012, inaweza kupunguzwa wakati rezo ni zaifu.

Simu mbili zinapashwa kujua kodeki moja. Kama hapana, santrali inafanya kazi ya kutafsiri sauti, ao simu haipiti kabisa. Basi soma orodha ya kodeki mbele ya kulipa.

Kisha fikiria kura. Ikikatika, simu ya mezani inazimika. Programu ndani ya simu ya mkononi inaendelea, lakini ruta nayo iwe na batri. Nunua simu moja kwanza, ujaribu mangaribi, saa rezo inabeba watu wengi.