Alama za SAT: Kutoka Lazima Hadi Hiari

Mtihani wa SAT, unaotumika Marekani kuwachuja waombaji wa vyuo vikuu, ulifanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926. Watahiniwa wapatao 8,000 walipewa maswali 315 na dakika 97 za kuyajibu. Mtunzi wake mkuu, Carl Brigham wa Princeton, alikuwa amewapima askari akili wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu chake cha mwaka 1923 kilidai kuwa baadhi ya mataifa yana akili kuliko mengine; mwaka 1930 aliikana hoja hiyo kwa maandishi.

Katikati ya miaka ya 1930, James Bryant Conant, rais wa Harvard, aliutumia mtihani huo kuwasaka vijana wenye vipaji nje ya shule za kifahari za bweni na kuwapa ufadhili. Baada ya Vita vya Pili waombaji waliongezeka sana, na vyuo vingi vikaufanya mtihani kuwa sharti. Mshindani wake, ACT, alianzia Iowa mwaka 1959.

Chuo cha Bowdoin, jimboni Maine, kiliondoa sharti hilo mwaka 1969, na Bates, cha jimbo hilohilo, kikafuata mwaka 1984. Wapinzani wa mtihani walisema alama hufuata kipato: mtoto aliyelipiwa tuisheni na kurudia mtihani mara kadhaa humpita asiyejiweza. Mabadiliko yalikwenda polepole hadi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vituo vya mitihani na vyuo vikubwa karibu vyote vikayafanya matokeo kuwa ya hiari. Chuo Kikuu cha California kiliacha kabisa kuyatazama.

Uamuzi ukabaki kwa mwombaji. Ushauri uliozoeleka ulikuwa alinganishe alama zake na za waliodahiliwa: zikiwa juu azipeleke, zikiwa chini azifiche. Ushauri huo uliwaponza hasa wanyonge. Watafiti wa Chuo cha Dartmouth waligundua kuwa baadhi ya waombaji wa familia zenye kipato kidogo walificha alama za 1400 na ushei kati ya 1600, wakidhani hazitoshi. Kumbe zingewasaidia, kwa kuwa chuo huzipima kwa kuangalia shule na mazingira alikotoka mwombaji.

MIT ilirudisha sharti mwaka 2022. Dartmouth, Brown na Harvard zilifanya hivyo mwaka 2024. Yale nayo ikataka alama, ila ikamruhusu mwombaji kuleta za SAT, za ACT, au za mitihani ya masomo ya sekondari ya AP au IB.

Historia hii inathibitisha kuwa hiari peke yake haileti haki. Mwanafunzi wa shule duni asiye na mshauri hawezi kubashiri alama zake zitasomwaje. Chuo kinachomwachia uamuzi kina wajibu wa kumweleza hilo waziwazi kabla hajatuma maombi.